Mwavuli Ulioununua Handeni

Kang'ata, Jumamosi, jua likishuka

Mwanangu Athumani,

Salamu sikupi, maana nakusikia hapo nje ukicheka na mjomba wako, na mtu hampi salamu mtu anayemsikia akicheka. Hali yangu pia usiiulize. Leo mchana uliponiona nikiwatania majirani waliokuja kukuaga, ulidhani mama yako ana furaha. Nilikuwa na hofu. Nina hofu mpaka kalamu inateleza, na ukiona herufi zimelala kama walevi usiseme ni kwa sababu nilisoma madarasa mawili na nusu. Ile nusu ilikuwa nzuri kuliko hayo mawili, ila mwalimu alihama. Na kisomo cha watu wazima nimekimaliza wa kwanza, mbele ya wanaume wenye mvi ambao mpaka leo wanaandika majina yao kama wanachimba kisima. Mwandiko wangu ni mzuri. Kinachozilaza herufi ni hofu.

Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa shati lako kesho mkipanda basi, na nitakwambia uisome mkishaiacha Handeni nyuma. Wakati huo mdogo wako Hawa atakuwa amelala begani kwako, maana yule hawezi kukaa kwenye gari bila kulala. Namtaja mapema kwa sababu barua ni yako lakini habari ni yake pia.

Mambo ya kufua, ya kuchemsha maji, ya kula kwa watu na kutokula kwa watu, sikuandikii. Ukiugua tumbo utajifunza mwenyewe. Nataka kukuandikia habari ya mwavuli.

Juzi ulirudi kutoka Handeni na mwavuli mweusi, wenye kipini kilichopinda kama shingo ya bata. Ukaufungua hapa uani, kuku wakakimbia, mbuzi akakata kamba. Majirani wakakuuliza mvua iko wapi. Ukasema, "Huu si wa mvua. Msimamizi hasimami juani." Ukawaeleza na kazi yenyewe kwenye shamba la mkonge huko Korogwe: umepewa uwanja wa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, wanawake watupu, kazi nyepesi ya kuanzia, na ukionyesha mwenendo mzuri watakupandisha uende kwa wakataji, kwa wanaume.

Hawa alikuwa anapepeta mahindi pale kwenye kizingiti. Akasema polepole, "Kaka, mimi ningependa kukata. Nasikia wakataji saa nne asubuhi wameshamaliza, na anayetaka anachukua kazi ya pili."

Wewe hata hukumgeukia. "Wanawake hawakati, Hawa. Wanawake wanaanika."

Watu wakacheka. Mjomba wako akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Na mimi nikacheka, Athumani, nikacheka kuliko wote, kwa sababu ndivyo ninavyofanya nikiogopa. Ukitaka kujua mama yako ameogopa kiasi gani, sikiliza anacheka kwa sauti gani.

Nina watoto wawili, nyote mmetoka tumbo hili hili. Mlisoma shule moja, Hawa akikufuata mwaka mmoja nyuma, na kuna hesabu alikufundisha yeye, usinibishie, nilikuwa napika hapo hapo. Watu wa shamba walipokuja kijijini kutafuta vijana, wewe walikuuliza umefika darasa la ngapi. Hawa, aliyefika darasa hilo hilo, walimtazama viganja. Kesho mnapanda basi moja. Mkifika, wewe utakaa kivulini na penseli, yeye atasimama juani na singa mbichi mabegani, na mwisho wa mwezi mtaniletea bahasha mbili, moja imenona na moja imekonda, na mimi nitatakiwa kusema ahsanteni wanangu.

Sasa nikueleze kwa nini mwavuli wako umeninyima usingizi siku mbili.

Mimi unanijua, ninajisifu. Najisifu kwa ugali wangu, najisifu kwa nywele zangu, najisifu kwamba nimefika Tanga na Mombasa na nimepanda treni daraja la pili kwa tikiti ya daraja la tatu, na mkata tikiti mwenyewe akaniletea chai. Hata maji nikiyachemsha nataka mtu ayasifu. Lakini kuna jambo moja sijawahi kujisifia, na ndilo kubwa kuliko yote.

Unalikumbuka blanketi jekundu. Ulililalia mpaka likabaki nyuzi. Umekua ukisikia kwamba bwana shamba, mwenye shamba la mkonge, alimpa marehemu baba yako kwa kuwa mkataji hodari kuliko wote. Wazee waliokuwa naye kule Ngombezi wakipita hapa bado wanamwita mgosi, yaani mwanamume hasa, wanasema, "Mgosi Selemani alikuwa na mkono wa mashine." Nawe unanyoosha shingo.

Athumani, yule mkataji alikuwa mimi.

Usiruke kwenye kiti, utamwamsha mwenzako. Soma taratibu.

Tulikwenda kule kabla ya Uhuru, shamba moja upande wa nyuma wa Ngombezi, jina lake silitaji kwa sababu nikilitaja nitatukana. Baba yako aliandikishwa kukata. Mimi sikuandikishwa kitu. Lakini desturi ya pale ilikuwa kwamba mke anafuatana na mumewe alfajiri, mume anakata majani ya mkonge, mke anayafunga matita na kuyapanga kando ya reli ya toroli. Matita yakihesabiwa, alama inawekwa kwenye kipande cha mume. Kipande ni kadi ya kazi. Ikijaa alama ndipo mtu analipwa. Cha mke hakikuwepo. Wake tulikuwa kambi nzima, tumejaa mashambani kama siafu, na kwenye vitabu vyao hatukuwepo hata mmoja.

Baba yako, Mungu amrehemu, homa ilikuwa inampenda. Inamwacha siku mbili, inarudi kama mgeni aliyesahau kofia. Asubuhi moja alikata mistari miwili akakaa chini, akatetemeka, kisu kikamdondoka. Nikakiokota. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, nimekufunga kwa kanga mbili ili miiba isikufikie. Nikakata mstari wa tatu, na wa nne. Na hapa naomba nijisifu kidogo, nimesubiri miaka mingi: nilikata kama mtu anayechana kitambaa. Jani la mkonge lina namna yake. Ukilivamia kwa hasira linakurudishia mwiba. Ukiliingilia chini, karibu na shina, mkono umelegea, linatoka lenyewe. Kabla jua halijawa kali fungu la siku, yale matita ya alama moja, lilikuwa limelala kando ya reli, na nilikuwa bado nina nguvu ya kukunyonyesha na kuimba.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Mimi nakata, baba yako anafunga. Nyapara wetu alikuwa anakagua kwa baiskeli, na baiskeli yake ilikuwa na kengele, kriing, kriing, kwenye kila tuta. Tukiisikia kengele tunabadilishana. Mimi nampa baba yako kisu, yeye ananipa kamba. Nyapara akifika anamkuta mwanamume amesimama na kisu na mwanamke ameinama na kamba, anaridhika, anaondoka. Kengele ikishapotea tunabadilishana tena. Tulikuwa tunacheka mpaka baba yako anasahau homa. Tulijiona wajanja. Siku nyingine tulichukua fungu la pili, alama mbili kwa siku moja. Kipande cha Selemani kilijaa upesi kuliko cha mtu yeyote kambini, na bwana shamba akaja na blanketi, akampa mkono mbele ya watu. Mimi nilipiga vigelegele. Nilipiga kwa nguvu, maana nilikuwa najipigia mwenyewe na hakuna aliyejua.

Hilo ndilo kosa tulilofanya, na nililifanya kwa furaha. Tuliwafundisha wale watu kwamba mkono ule ni wa mwanamume.

Baadaye homa ikamlaza kabisa, akapelekwa hospitali Korogwe, akakaa wiki nyingi. Kipande kikasimama. Alipotoka alikuwa mwembamba kama fito, hawezi hata kufunga. Nikamwambia, twende wote asubuhi kwenye mstari, niombe fungu kwa jina langu. Hakupenda, lakini alikuja. Alikuja, hilo namhesabia.

Tulisimama kwenye mstari wa wakataji, wanaume watupu, na mimi na wewe mgongoni. Nyapara akanitazama kama anayetazama kuku aliyeingia msikitini.

"Mama, umepotea njia?"

Nikamwambia sikupotea. Naomba fungu la kukata. Mume wangu ni mgonjwa.

Wanaume wakaanza kuguna na kucheka. Mmoja akasema nitakata matiti yangu. Nikamjibu kwamba hayo angalau nayaona yalipo, yeye jana alikata kidole chake mwenyewe. Wakacheka zaidi, na nikadhani nimeshinda, kwa sababu mimi nikishachekesha watu huwa nadhani nimeshinda.

Nyapara hakucheka. Akamgeukia baba yako. "Selemani, wewe ndiye mkataji wetu. Sema ukweli. Huyu mkeo anajua kukata?"

Athumani, swali ndilo hilo. Wanaume wote walikuwa wanamtazama. Angesema anajua, wangeuliza amejulia wapi, na blanketi lingekuwa la nani. Baba yako alitazama vidole vya miguu yake. Hakusema sijui, hakusema hajui. Hakusema kitu.

Nyapara akajibu mwenyewe. "Basi. Mama, kazi yako ipo. Nenda kwenye nyaya ukaanike. Ni kazi nyepesi."

Sijawahi kukwambia haya kwa sababu baba yako alikuwa mtu mwema na nilitaka umpende. Alinipenda. Hakunipigia kelele hata siku moja, na mwenye kunipigia kelele mimi angekuwa na haki mara nyingi. Tulipotoka pale alinibebea wewe mpaka kambini ingawa alikuwa anayumba. Usiku alisema, "Mama Athumani, ningesemaje?" Nikamwambia, ungesema anajua. Ni neno moja. Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki hapa Kang'ata. Na tangu uliponunua mwavuli namwogopa mtu mwema kuliko mtu mbaya. Mbaya nikimwona najificha. Mwema nasimama karibu naye, nasubiri aseme.

Sasa kuhusu hiyo kazi nyepesi.

Singa zikitoka kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge, zinakuja mbichi, zimejaa maji, na maji yake yanawasha ngozi. Unazibeba begani mpaka kwenye nyaya, unazitandaza, unazigeuza, jua linapiga kutoka juu na weupe wa singa unakupiga machoni kutoka chini. Kwa uzito, nakuapia kwa mikono yangu yote miwili iliyofanya kazi zote mbili, kukata kulikuwa kazi ya mwili na kuanika kulikuwa kazi ya mwili. Tofauti haikuwa uzito. Tofauti ni kwamba mkataji anapimwa kwa matita yake. Akiwa hodari anamaliza mapema, anaondoka au anachukua fungu la pili. Anayeanika anapimwa kwa jua. Hata uwe hodari namna gani, jua haliendi haraka kwa ajili yako. Hakuna jua la pili. Niliyekuwa napata alama mbili kwa siku kwa jina la Selemani, nikawa napata moja kwa jina langu, na alama yenyewe ya nyaya ilikuwa ndogo kuliko ya kisu. Mikono ilikuwa ile ile.

Na jua lisipokuwepo, hakuna hata hiyo moja.

Kuna siku tuliamka mbingu ziko safi, tukatandaza uwanja mzima, mweupe kama pamba. Saa saba wingu likatoka upande wa milimani. Singa zikinyeshewa zinabadilika rangi, zinashuka bei, na bwana shamba anapiga kelele. Tukakimbia. Kila mwanamke alikuwa amebeba mzigo wa watu wawili, tunateleza, tunainuka, tunazirundika bandani, tunarudi. Kulikuwa na jirani yangu mmoja tukimwita Mama Tatu, mjamzito, tumbo liko mbele kama ngoma. Alianguka kifudifudi juu ya singa, na kama si singa sijui. Akainuka, akabeba tena. Tuliokoa zote. Nyapara wa uwanja alikuwa amesimama mlangoni pa banda na mwavuli mweusi, amekauka mpaka viatu.

Tulipomaliza tukapanga mstari na vipande vyetu, tunatiririka maji. Akasema, "Leo hamkuanika. Singa hazikukauka. Leo hakuna alama."

Mama Tatu alikuwa ameshika tumbo kwa mkono mmoja. Akasema, bila kupaza sauti, "Haya bwana. Basi tuzirudishe nje tulikozitoa."

Wanawake wakaanza kutazamana. Wawili wakageuka kuelekea kwenye rundo. Nyapara akaona, na nikaona kwamba ameogopa.

Na mimi nikafungua mdomo wangu huu. Nikasema, "Bwana, angalau huo mwavuli wako uandikie alama, leo umefanya kazi kuliko wewe."

Wanawake wakaangua kicheko. Nyapara naye akacheka, akacheka kwa kushukuru, akatikisa kichwa, akasema huyu mama ana maneno. Wale wawili wakacheka, wakarudi. Tukaenda kambini tunacheka, tumelowa, bila alama. Jina lake la Bwana Mwavuli lilianzia siku ile, ni mimi niliyelitunga, na kambi nzima ililipenda. Nami usiku nikiwa nakausha nguo zako kwenye moto nilielewa nilichofanya. Mama Tatu alikuwa amefungua mlango na mimi nikaufunga kwa utani. Ndiyo maana ninakuogopea na wewe, maana ucheshi huu umeurithi. Watu watakupenda. Wanawake wa uwanjani watakupenda, utawachekesha, na watakwenda nyumbani wamelowa.

Najua utasema, mama, hayo ni ya zamani, ya wakoloni. Uhuru umekuja. Nilikuwepo, mwanangu, nilicheza ngoma mpaka kisigino kikafunguka. Na kweli mambo mengi yamebadilika. Nyapara sasa anaitwa msimamizi. Shamba sasa ni letu sote. Hapa kijijini kwenye shamba la ujamaa, siku ya kwanza karani alipoita "Zaina binti Mohamedi" na kuniandikia siku yangu sawasawa na mjomba wako, nilimwambia arudie, nikamdanganya sikusikia. Nilitaka kulisikia tena. Kwa hiyo usidhani mama yako haoni.

Lakini nisikilize. Ulisema juzi kwamba siku hizi hakuna mshahara wa mwanamke na mshahara wa mwanamume, imepigwa marufuku. Nakubali. Ila kama wanawake wote wako kwenye nyaya na wanaume wote wako kwenye visu, nani ana haja ya kuandika mshahara wa mwanamke? Wanaandika mshahara wa nyaya na mshahara wa kisu, basi. Karatasi inakuwa safi, haina mwanamke wala mwanamume, na bahasha ya Hawa inakonda vile vile. Na ukiuliza kwa nini nyaya zinalipwa kidogo, watakwambia ni kazi nyepesi. Na ukiuliza wamejuaje kwamba ni nyepesi, watakwambia si unaona, wanafanya wanawake. Nimelizunguka hilo duara miaka mingi, sikupata mlango.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo, na ina makali pande mbili kama upanga. Naogopa Hawa akianika, atazeeka juani na kipande kinachojaa pole pole, chini ya mkono wa kaka yake. Naogopa pia akikata. Nimemwona mwanamume mzima aliyechomwa mwiba wa mkonge jichoni, nimemsikia alivyolia. Hawa ana macho ya bibi yake. Naogopa wale wanaume kwenye mstari na midomo yao. Naogopa ukisema kitu, wakubwa wako watakuona mjuaji, kibarua chako kitaota nyasi kabla hujaanza, mrudi nyote wawili, na mimi ndiye nitakuwa nimewarudisha kwa barua. Jana niliuchukua mwavuli nikataka kuuficha kwenye ghala la mahindi. Nikauona upuuzi. Ungenunua mwingine.

Kwa hiyo nimeufunga kwenye mzigo wako, na kwenye mzigo wa Hawa nimefunga kisu. Ndicho kile kile. Mpini nimeubadilisha mara mbili lakini chuma ni kile. Umekiona maisha yako yote nikichongea vijiti, hukuuliza.

Sikuombi uwe jabali. Wewe ni kijana mgeni kazini na wakubwa wana masikio. Ninachokuomba ni kidogo mpaka naona haya kukiandika. Asubuhi ya kwanza, kabla hujaenda uwanjani kwako, pita na mdogo wako kwenye mstari wa wakataji. Aombe mwenyewe, ana mdomo, nimempa wangu. Watacheka. Waache wacheke. Kisha kuna mtu atakugeukia wewe, maana hawatamuuliza yeye, na atasema, bwana msimamizi, huyu dada yako anaweza kukata? Swali litakuja, Athumani. Nimelisubiri tangu ulipokuwa mgongoni. Siku hiyo usitazame miguu yako. Sema anaweza. Wakikataa, wamekataa wao, hukukataa wewe. Na yeye akijaribu akashindwa, au akaona miiba haimfai, arudi kwenye nyaya kwa miguu yake, si kwa neno la mtu.

Na ikinyesha mvua juu ya singa zako, ukawaona wanawake wanakimbia, hesabu hiyo kuwa kazi. Wakikuuliza kwa nini umeweka alama siku ya mvua, waambie singa zimelala kavu bandani, nendeni mkazishike. Nikiona wingu limesimama upande wa Korogwe nitaacha chochote ninachofanya. Nitakaa hapa Kang'ata nikiwaza nani amesimama wapi, na nani ameshika nini mkononi. Hutaniona, lakini ujue niko hivyo, kila wingu.

Mjomba wako ananiita nje, anasema nimejifungia kama bibi harusi. Ngoja nimalize.

Kesho kituoni nitakuwa na vituko. Nitamwambia dereva kwamba nimemkabidhi mwana wa mfalme na binti wa mfalme, nitamtania utingo, watu watacheka. Usidanganyike.

Sasa mko ndani ya basi na Handeni iko nyuma. Mtazame huyo aliyelala begani kwako. Mtazame viganja, kama wale watu walivyomtazama, kisha umtazame uso. Ukifika hapa usiikunje barua ukairudisha mfukoni. Mwamshe. Mpe asome yote, na blanketi, na baba yenu, na kucheka kwangu. Najua ni vigumu kumpa, kwa sababu humu umo na wewe siku ya mwavuli. Mpe hivyo hivyo.

Nimemwambia Hawa mkifika aniandikie, sikumwambia aandike nini. Akiniuliza habari ya kengele ya baiskeli, nitajua ulimpa, nami nitajisifu mpaka kijiji kihame. Akiandika tu kwamba mmefika salama na kazi ni nzuri, nitajua kwamba swali lilikukuta ndani ya basi, hata kabla ya shambani, na ulitazama miguu yako.

Ni mimi mama yako,
Zaina, mkataji.